Kifo cha seli: Jinsi mwili unavyoamua ni ipi ife na ipi iishi

KILA sekunde inayopita, seli zipatazo milioni nne hufa katika mwili wa mtu mzima mwenye afya njema, na nyingine kama hizo huzaliwa kushika nafasi zake. Kwa siku moja idadi hiyo hufikia takriban bilioni 330, kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa na watafiti wa Israeli mwaka 2021.

Mwenye mwili hahisi lolote. Hapatwi na homa, haoni uvimbe wala halalamikii maumivu. Hula, hulala na kuamka ilhali sehemu ya mwili wake imekwisha kuondoka na nyingine imeshika mahali pake.

Nyingi ya seli hizo ni za damu. Seli nyekundu, ambazo kazi yake ni kusafirisha oksijeni, huishi kwa takriban siku 120. Aina moja ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria huzunguka katika damu kwa siku moja hivi tu. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo hudumu siku tatu hadi tano kabla ya kubanduka, nazo za ngozi huchukua muda wa mwezi mmoja hivi. Kwa upande mwingine, seli nyingi za ubongo huandamana na mtu tangu utotoni hadi kaburini.

Tofauti hizi hazitokei kiholela. Mwili una utaratibu mkali unaoamua ni seli ipi iendelee kuishi, ipi ife, lini na kwa njia gani. Utaratibu huo ukilegea, seli zilizostahili kufa husalia na kuzaana, na hapo saratani hupata mwanya. Ukipita kiasi, viungo vyenye afya huanza kuharibika. Katika eneo la Ziwa Viktoria upo ugonjwa wa watoto ambao unaonyesha mambo haya yote kwa pamoja, nao utaelezwa baadaye katika makala haya.

Ajali na mpango

Ipo njia ya kufa ambayo ni ya ajali, na wataalamu huiita nekrosisi. Maji moto yakimwagikia mkono, seli za ngozi huharibika papo hapo. Mtu akiumwa na bafe, sumu ya nyoka huyo huiozesha nyama iliyo karibu na jeraha hadi ikageuka nyeusi. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, misuli inayokosa oksijeni huanza kufa kabla saa moja haijatimia.

Katika kifo cha namna hii seli huvimba, utando wake hupasuka na vilivyomo ndani vikamwagika nje. Vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa humo huzidhuru seli jirani. Mfumo wa kinga nao hutambua kwamba pana hatari na kukimbilia mahali hapo kwa fujo. Ndiyo sababu jeraha huwa jekundu, likavimba, likapata joto na kuuma.

Njia nyingine ni ya mpango, nayo huitwa apoptosisi. Hapa seli hupokea amri, au hujihukumu yenyewe, kisha hujimaliza hatua kwa hatua. Hunywea na kujitenga na jirani zake. DNA iliyo katika kiini hukatwakatwa vipande vipande. Hatimaye seli nzima hugawanyika kuwa vifuko vidogo vidogo vilivyofungwa vyema, na vifuko hivyo humezwa na seli nyingine kabla havijapasuka. Shughuli yote huisha kwa saa chache na hapana uchafu unaobaki.

Nekrosisi ni sawa na nyumba iliyolipuliwa na mtungi wa gesi, vigae na vioo vikatapakaa hadi kwa jirani. Apoptosisi ni nyumba ambayo mwenyewe ameibomoa kwa uangalifu, akang'oa mabati, milango na misumari, akavipanga langoni ili wenye haja wavichukue wakajengee.

Usafi huo ndio uliowafanya wanasayansi waikose kwa muda mrefu. Kitu kinachotoweka kwa saa chache bila kuacha alama si rahisi kukiona.

Neno kutoka kwa majani

Mnamo 1842, Mjerumani Carl Vogt aliandika kuhusu seli zinazotoweka katika mwili wa kiluwiluwi wa chura anapokua. Habari hiyo haikupewa uzito. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya daktari wa Australia, John Kerr, kuona katika maini ya panya seli zilizokuwa zikinywea moja moja bila dalili yoyote ya uvimbe au fujo. Alitambua kwamba kile hakikuwa kifo cha ajali.

Kerr alisafiri hadi Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, akashirikiana na Alastair Currie na Andrew Wyllie. Mwaka 1972 watatu hao walichapisha makala katika jarida la utafiti wa saratani la Uingereza, wakitangaza kwamba hiyo ni njia ya kufa iliyo tofauti na ya kawaida kwa viumbe. Jina walipewa na James Cormack, aliyekuwa profesa wa Kigiriki chuoni humo. Katika Kigiriki, apoptosisi ni kule kuanguka kwa majani kutoka mtini au kwa petali kutoka kwenye ua.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo hilo: kupukutika. Yeyote aliyepita chini ya mijakaranda ya Nairobi msimu wa maua yake ya zambarau anajua kwamba mti unaopukutisha haujafa. Huenda wanaounda istilahi wangefaidi kulitumia neno hilo badala ya kuazima la Kigiriki, ingawa kwa sasa hilo la kuazima ndilo linaloenea.

Makala ya 1972 yalieleza jinsi kifo hicho kinavyoonekana kwenye hadubini. Hayakueleza ni nini kinachokiamrisha. Jibu la swali hilo lilitoka kwa mnyoo.

Seli 131

Sydney Brenner alizaliwa mwaka 1927 mjini Germiston, Afrika Kusini, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ulaya Mashariki. Babake alikuwa fundi wa viatu. Katika miaka ya 1960, akiwa Cambridge, Uingereza, Brenner alitafuta mnyama mdogo ambaye maisha yake yote yangeweza kufuatiliwa seli kwa seli. Alichagua mnyoo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja tu na mwili unaopenyeka kwa mwanga kama kioo.

Mwenzake John Sulston aliketi mbele ya hadubini na kufuatilia kila seli ya mnyoo huyo tangu yai hadi utu uzima, kazi iliyotaka subira isiyo ya kawaida. Ilibainika kwamba mnyoo huyo, mbali na seli zake za uzazi, huunda seli 1,090 anapokua. Kati ya hizo, 131 hufa. Anayebaki ni mnyoo mwenye seli 959.

Ajabu ni kwamba seli zinazokufa ni zile zile 131 katika kila mnyoo, na kila moja hufa kwa wakati wake. Hazikuugua, hazikujeruhiwa wala hazikukosa chakula. Kifo chake kiliandikwa katika jeni kabla hazijazaliwa.

Mmarekani Robert Horvitz aligundua jeni zenyewe. Mbili kati yake, ced-3 na ced-4, ndizo zinazotekeleza kifo. Zikiharibika, seli zile 131 huendelea kuishi. Ya tatu, ced-9, hufanya kazi ya kuzuia. Hiyo ikikosekana, hata seli zilizostahili kuishi hufa. Brenner, Sulston na Horvitz walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2002.

Mnyoo huyo angebaki kuwa kichekesho cha maabara lau mwanadamu hangekuwa na jeni zinazofanana na hizo. Anazo. Ile ya ced-3 ina ndugu zake katika mwili wa binadamu, nazo hutengeneza vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi. Hivi ni kama mikasi. Wakati wote huwa ndani ya seli, vimefungwa, vikingoja. Vikifunguliwa hufunguana vyenyewe kwa mfululizo, kimoja kikikiamsha kingine, hadi protini muhimu za seli zimekatwa na hapana tena kurudi nyuma.

Nani hufungua mikasi?

Amri inaweza kutoka ndani au nje ya seli.

Ile ya ndani hupitia mitokondria, sehemu ambazo kwa kawaida huipatia seli nguvu za kufanyia kazi. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang nchini Marekani ilipata matokeo ambayo wengi waliona vigumu kuyaamini: protini iitwayo saitokromu c, iliyojulikana kwa miaka mingi kama kiungo cha kawaida tu cha kutengeneza nguvu hizo, ndiyo inayoamsha kaspesi pindi inapovuja kutoka kwenye mitokondria. Kwa maneno mengine, mtambo unaoipa seli uhai ndio pia unaotunza ufunguo wa kuiua.

Milango ya mitokondria hulindwa na protini za ukoo wa BCL-2, ambao ndio ukoo wa ile ced-9 ya mnyoo. Baadhi ya wanaukoo huifunga milango, wengine, kama vile BAX na BAK, huitoboa. Uhai wa seli hutegemea ni upande upi ulio na nguvu zaidi kwa wakati huo.

Amri ya nje huletwa na seli za kinga. Zikikutana na seli iliyovamiwa na virusi, huweza kubonyeza kipokezi kilicho juu ya ngozi yake na hivyo kuiagiza ijiue, au zikaitoboa na kuingiza ndani yake vimeng'enya vinavyoamsha kaspesi moja kwa moja.

Baada ya hapo hubaki kazi ya mazishi. Seli inayokufa hugeuza nje sehemu ya utando wake ambayo kwa kawaida hutazama ndani, na ishara hiyo hutambuliwa na makrofeji, seli walaji zinazozurura mwilini zikisafisha. Makrofeji hummeza marehemu na kutoa kemikali za kutuliza kinga ili pasiwe na vurugu. Kazi hii ikizorota, mabaki huzagaa na mwili huweza kuanza kujishambulia, hali inayohusishwa na ugonjwa wa lupasi.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi sana. Mwaka 1992 Martin Raff wa London alitoa hoja kwamba kwa seli nyingi za wanyama, kufa ndiko kunakotokea seli isipoambiwa lolote. Seli huishi kwa kuwa jirani zake huendelea kuipelekea kemikali za kuiagiza iishi. Ni kama mpangaji ambaye kibali chake cha kukaa hufanywa upya kila siku. Siku kisipofika, hufungasha.

Msingi wa wazo hilo ulikuwa umewekwa na Rita Levi-Montalcini, Muitaliano aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya 1986 kwa ugunduzi wa kemikali inayokuza neva. Mtoto akiwa tumboni hutengeneza neva nyingi kuliko atakazohitaji. Zinazofika kwenye msuli au kiungo zilichokusudiwa hupata kemikali hiyo na kudumu. Zilizopotea njia hazipati, nazo hufa. Katika baadhi ya sehemu za mfumo wa neva, takriban nusu ya zilizoundwa huondoka kwa njia hii.

Vidole vya mkono navyo hupatikana kwa kuchongwa. Mkono wa mimba changa huanza kama kasia, na seli zilizo katikati ya vidole hupukutika kadiri vidole vinavyojitenga. Katika miguu ya bata nyingi ya seli hizo huachwa, ndipo akawa muogeleaji. Na katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, seli changa za kinga hupimwa moja moja: ambazo hazitambui kitu, na ambazo zingeushambulia mwili wenyewe, hufa. Zaidi ya asilimia 90 hazifuzu. Ni mtihani mkali kuliko wowote unaotungwa na baraza la mitihani.

Vifo vinapozidi

Virusi vya ukimwi vinajulikana kwa kupunguza seli za kinga ziitwazo CD4. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba virusi huziua seli hizo kwa kuzaana ndani yake. Utafiti uliotolewa San Francisco, Marekani, mwaka 2014 uliibadilisha picha hiyo. Katika tishu za tezi zilizochunguzwa, zaidi ya asilimia 95 ya seli zilizokuwa zikifa hazikuwa na virusi vinavyozaana. Virusi vilikuwa vimejaribu kuingia na kukwama njiani. Seli ikahisi mabaki ya jeni ngeni na kujiua.

Isitoshe, hazikujiua kwa utulivu wa apoptosisi. Zilitumia njia iitwayo piroptosisi, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moto. Katika njia hii seli hupasuka na kumwaga kemikali za kuita kinga. Seli nyingine za CD4 hukimbilia mahali hapo, nazo hukutana na virusi vile vile na kufa. Dawa za kupunguza makali ya virusi huukata mzunguko huo kwa kuvizuia virusi kuzaana, na ndipo idadi ya CD4 hupanda tena kwa wagonjwa wanaozitumia bila kukatiza.

Katika kiharusi, ubongo unaonyimwa damu hupoteza takriban seli milioni mbili za neva kila dakika. Zilizo katikati ya eneo lililoathirika hufa mara moja kwa ajali. Zilizo pembezoni hubaki zikining'inia kwa saa kadhaa, na nyingi hufa baadaye kwa mpango. Hizo za pembezoni ndizo daktari anazozipigania, na ndizo hupotea familia inapongoja hadi asubuhi kuona kama mgonjwa atapata nafuu.

Seli zinapokataa kufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndani ya seli, mkaguzi wa nyufa ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. DNA ikiharibika, kwa mfano kutokana na jua kali au moshi wa sigara, p53 husimamisha seli isigawanyike hadi ufa uzibwe. Ufa ukiwa mkubwa mno, huagiza seli ife. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya mkaguzi huyo imeharibika.

Ndovu wa Afrika ana seli nyingi zaidi kuliko binadamu na huweza kuishi miongo sita au zaidi, hivyo ingetarajiwa saratani imwandame. Sivyo. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalieleza sababu moja inayowezekana: binadamu ana nakala mbili za jeni ya p53, moja kutoka kwa kila mzazi, ilhali ndovu ana nakala 40, ingawa nyingi kati yake si kamili. Seli yake ikiharibika kidogo tu, haikawii kujiua.

Baadhi ya virusi vimejifunza kumnyamazisha mkaguzi. Virusi vya HPV, ambavyo husababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hutengeneza protini inayoipeleka p53 kuharibiwa. Seli husalia bila mwenye kuihukumu. Mnamo 1951, Mmarekani Henrietta Lacks alifariki Baltimore kutokana na saratani ya aina hiyo akiwa na umri wa miaka 31. Seli za uvimbe wake, zilizochukuliwa bila idhini yake, zimeendelea kugawanyika katika maabara kote duniani hadi leo, kwa miaka mingi zaidi ya alivyoishi mwenyewe. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa umri wa miaka 10 dhidi ya HPV mwaka 2019.

Njia nyingine ni kuwaongeza walinzi. Protini ya BCL-2 iligunduliwa katika saratani ya tezi ambapo vipande vya kromosomu mbili vimebadilishana mahali. Mwaka 1988 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba kazi ya protini hiyo si kuzifanya seli zizaane upesi bali kuzizuia kufa. Hadi wakati huo saratani ilikuwa imeelezwa kama ugonjwa wa kuzaana tu. Dawa iitwayo venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ajili ya aina moja ya saratani ya damu, humwondoa mlinzi huyo mlangoni ili seli ifuate mkondo wake.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto katika hospitali ya Mulago, Kampala. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili. Burkitt alianza kuwatafuta wengine, akawaona, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao sasa hubeba jina lake: limfoma ya Burkitt.

Mnamo 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika hospitali baada ya hospitali. Ramani iliyotokea ilikuwa na sura ya kustaajabisha. Ugonjwa ulikuwa katika maeneo ya joto na mvua, nao ulitoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Yalikuwa maeneo yale yale ya malaria. Nchini Kenya, hadi leo, ugonjwa huu huonekana zaidi magharibi mwa nchi na Pwani.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege kutoka Kampala. Kwa karibu miaka mitatu Epstein hakupata kitu. Kisha ndege moja ikazuiwa na ukungu na kulazimika kutua Manchester. Kipande kilipofika London kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa machafu na ilidhaniwa kimeoza. Walipokitazama walikuta maji hayo yamejaa seli hai zilizobanduka kutoka kwenye uvimbe. Seli hizo ziliendelea kukua maabarani, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona virusi ndani yake. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyojulikana.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi hivyo na hawaugui saratani. Virusi hujificha katika aina ya seli za kinga ziitwazo seli B, na ujanja wake mkubwa ni kuzizuia seli hizo kujiua. Miongoni mwa protini zake imo moja inayofanana na BCL-2.

Malaria ya mara kwa mara huchochea seli B kuzaana na kupangua jeni zake, na wakati huo huo hudhoofisha kinga inayovichunga virusi. Katika vurumai hiyo hutokea ajali: kipande cha kromosomu ya nane hukatika na kuunganishwa na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Katika kipande hicho imo jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli kugawanyika, na huko ilikopelekwa huwaka bila kuzimwa.

Hata hapo mwili una kinga ya mwisho. MYC ikizidi huamrisha pia kifo. Seli inayogawanyika kwa pupa hutiliwa shaka na kuhukumiwa. Ili uvimbe ukue, ni lazima amri hiyo ivunjwe. Virusi vya Epstein-Barr hutoa msaada, na katika wagonjwa wengi jeni ya p53 pia huwa imeharibika.

Matokeo yake ni uvimbe unaokua upesi kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Jino la mtoto huanza kulegea Jumatatu, na kabla ya wiki mbili uso wake umebadilika. Mara nyingi mzazi huenda kwanza kwa daktari wa meno, na wiki hizo haziwezi kurudishwa.

Hata hivyo, seli hizo hazijasahau kabisa kufa. Chini ya hadubini, uvimbe wa Burkitt huonekana kama anga la usiku lenye nyota: mandhari ni seli za saratani zilizosongamana, na madoa meupe ni makrofeji zilizoshiba seli zilizopukutika. Madaktari wa maabara huitambua limfoma hii kwa sura hiyo. Hata uvimbe unapokua kwa kasi hiyo, idadi kubwa ya seli zake zinakufa kila saa, na ukuaji unaoonekana usoni ni ziada iliyobaki baada ya vifo hivyo.

Kwa kuwa seli hizo zi karibu hivyo na kifo, msukumo mdogo hutosha. Mapema miaka ya 1960 Burkitt aliwapa watoto dawa za kemikali, baadhi yao kwa dozi chache tu, akaona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Dawa hizo, ikiwemo cyclophosphamide ambayo bado hutumika, huharibu DNA ya seli na kuilazimisha ijihukumu. Katika mataifa tajiri, watoto wapatao tisa kati ya kumi hupona limfoma ya Burkitt. Barani Afrika idadi hiyo iko chini sana. Wengine hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea tumboni au kwenye uti wa mgongo. Wengine hupewa dozi ya kwanza, uvimbe ukapotea, mzazi akaona mtoto amepona, akamrudisha nyumbani kwa kuwa nauli na malazi yamemshinda. Seli chache zilizosalia hazihitaji muda mrefu kuujaza uso tena, na zinazorudi huwa sugu zaidi.

Siku za mwanzo za matibabu zina hatari yake pia. Mabilioni ya seli yakifa kwa pamoja ndani ya saa chache, makrofeji hushindwa kuyazika yote. Seli hupasuka na kumwaga potasiamu, fosfeti na kemikali ambazo hugeuka kuwa asidi ya yuriki katika damu. Asidi hiyo huweza kuziba figo, na potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo mtoto hutundikiwa dripu ya maji mengi na kupewa dawa ya kupunguza asidi hiyo kabla ya dozi ya kwanza, na wauguzi hupima mkojo wake na damu yake usiku kucha hadi figo zimemaliza kuondoa mabaki.